Humsikii Mungu na shida imekukalia: pa kuanzia usiku huu

Mwongozo huu ni wa Mkristo ambaye bado yuko ndani ya shida. Aliyekwisha kuvuka na kutoa ushuhuda mbele ya kanisa atausoma kwa wakati wake. Wewe una mgonjwa wodini, au umetoka kuzika wiki hii, au barua ya kusimamishwa kazi iko kwenye mkoba na nyumbani hujasema. Unapiga magoti, unafungua kinywa, hakuna kinachotoka. Jumapili wenzako wanaimba kwa machozi ya furaha, na wewe unangoja tu ibada iishe.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikitembelea wagonjwa na wafiwa wa ushirika wetu. Swali la "kwa nini Mungu ameruhusu?" huja, lakini huja baadaye, msiba ukishapoa. Usiku wa kwanza, kwenye benchi nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, watu huniuliza jambo jingine: "Mbona simsikii?"

Kabla ya hatua zenyewe, weka jambo moja sawa moyoni. Yesu alipowaambia wanafunzi wake, "Mimi nipo pamoja nanyi siku zote, hata ukamilifu wa dahari," aliwaambia watu kumi na mmoja mlimani Galilaya, na Mathayo hafichi hali yao: mistari michache kabla ya ahadi hiyo anaandika kwamba baadhi yao waliona shaka. Yesu hakuwatenga wale wenye shaka kwanza ndipo awaahidi waliobaki. Ahadi waliipokea wote. Aliyoahidi ni kuwapo kwake, na kuwapo kwake hakupungui siku ambayo moyo wako umekufa ganzi. Mtoto aliyefungwa mgongoni kwa mbeleko haoni uso wa mama yake, na mara nyingi analia akidhani ameachwa, huku kifua chake kimelala juu ya mgongo wa mama huyohuyo anayemlilia. Isaya 46 inasema jambo la namna hiyo: Mungu anawaambia watu wake kwamba amewachukua tangu tumboni, na atawachukua hata wakiwa na mvi.

Kwa hiyo hatua zinazofuata hazitamleta Mungu aliyekuwa mbali. Zitakusaidia ukae mahali ambapo unaweza kumtambua, pole pole, kwa kadiri utakavyojaliwa.

Hatua ya kwanza: kula, kunywa, kulala

Wengi hushangaa ninapoanzia hapa. Lakini fungua 1 Wafalme 19. Eliya amekimbia, amechoka, amejitupa chini ya mretemu jangwani na kumwomba Mungu aiondoe roho yake. Malaika anakuja. Hahubiri, hamkemei kwa kukosa imani, hamuulizi amefanya dhambi gani. Anamgusa na kusema, "Inuka, ule." Kuna mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, anakunywa, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na chakula kilekile, na safari hii anaongeza sababu: mwendo ulio mbele ni mkubwa kuliko nguvu zake. Sauti ndogo ya utulivu pale mlima Horebu, Mungu anaposema naye, inakuja baadaye kabisa, baada ya usingizi, milo miwili, na siku arobaini za kutembea.

Mtu aliyekesha wodini usiku baada ya usiku hawezi hata kuhisi upendo wake kwa watoto wake mwenyewe. Atahisije uwepo wa Mungu asiyemwona kwa macho? Usiuhukumu uhai wako wa kiroho saa tisa usiku ukiwa hujala tangu asubuhi.

Fanya hivi leo. Kula kitu chepesi kama hamu haipo: uji, chai yenye maziwa, viazi vya kuchemsha, ndizi. Kunywa maji. Kisha panga zamu ya kuuguza, na iandike kwenye karatasi, kwa sababu zamu ya kusema tu kwa mdomo huishia kwa mtu mmoja, na mtu huyo mara nyingi ni binti mkubwa au mke. Shangazi akae Jumanne usiku, mdogo wako Jumatano, mama wa jumuiya Alhamisi mchana ili wewe uende nyumbani ukaoge na kulala kitandani. Ukikubali zamu hiyo hujamwacha mgonjwa wako.

Kuhusu kufunga, nasema kwa uzito. Kufunga ni jambo jema la kanisa tangu mitume, lakini si kwa mtu aliyedhoofika kwa kukesha, wala mjamzito, wala mwenye kisukari au anayetumia dawa, mpaka azungumze na daktari na mchungaji mwenye busara. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ikiwemo ya watoto, ya watu waliokuwa wamefundishwa kwamba kufunga chakula hadi kufa ni njia ya kukutana na Yesu. Yesu wa Injili, alipomfufua binti wa Yairo, jambo la kwanza aliloagiza ni mtoto apewe chakula.

Hatua ya pili: mwambie Mungu jambo lilivyo

Hii ndiyo hatua ninayotaka uikalie kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayorukwa zaidi. Tumefundishana kuomba kwa lugha ya ushindi. Mtu amefiwa na mwana, anashika kipaza sauti na kusema, "Bwana asifiwe, mimi niko salama," halafu anarudi nyumbani na kulia chooni bomba likiwa limefunguliwa ili asisikike. Nimewaona wengi wa namna hiyo, na nadhani hapo ndipo wanapompoteza Mungu: wamempelekea mtu mwingine aombe kwa niaba yao, mtu asiyekuwapo, ambaye hana shida. Mungu hutukuta pale tulipo, na wao wameondoka pale walipo.

Zaburi ziko 150, na zaidi ya theluthi moja ni za kulia. Ni maneno yaliyoombwa hekaluni, yakaombwa na Yesu, na kanisa limeyaweka kinywani mwetu makusudi. Chukua Zaburi ya 13. Ni fupi, unaweza kuisoma kabla chai haijapoa. Inaanza: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Ndani ya mistari miwili Daudi anauliza "hata lini" mara nne. Hatulizi sauti kwanza. Kisha anaomba: "Uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu." Anataja anachoogopa, kwamba atalala usingizi wa mauti na adui zake watashangilia. Mwishoni ndipo anasema, "Nami nimezitumainia fadhili zako."

Tumia mpangilio huo kuandika ombi lako mwenyewe. Daftari lolote linatosha, hata nyuma ya kadi ya kliniki.

Anza kwa kumwita. Jina moja tu: Baba, Bwana, Yesu, vyovyote ulivyozoea tangu utotoni. Kuita kwenyewe kunamaanisha hujakata shauri kwamba hayupo.

Kisha eleza kilichotokea, kwa maneno ya kawaida, pamoja na tarehe na kiasi cha fedha kama kipo. Usikipambe.

Uliza swali linalokuchoma. Kama ni "kwa nini mimi," andika hivyo. Kama una hasira naye, andika kwamba una hasira.

Omba kitu kimoja kinachoshikika, cha leo au kesho.

Mwisho, kama una neno la kutumaini hata dogo, liandike. Kama huna, acha mstari wazi. Usijaze kwa uongo.

Ombi la mama anayemuuguza kijana wake linaweza kuwa hivi: "Baba, leo daktari amesema figo za mwanangu hazifanyi kazi. Nimekuita tangu kabla ya Pasaka. Hata lini? Fedha ya kusafisha damu Ijumaa sina, na shemeji hapokei simu. Naogopa kumtazama mwanangu machoni. Nipe nguvu ya kuingia wodini saa kumi nikae naye nisilie. Sikuoni, lakini ninayekuita ni wewe."

Lisome kwa sauti, hata ya kunong'ona, kisha ukae kimya kidogo. Pengine hutasikia chochote. Usihesabu kwamba limeshindikana. Umesimama mbele zake kama ulivyo, na hilo ni tendo la imani ambalo wengi tunakaa miaka hatulifanyi.

Utaambiwa, "Huko si kumnung'unikia Mungu?" Ni swali la haki. Waisraeli jangwani walinung'unika hemani mwao, wakisemezana juu ya Mungu na kupanga kurudi Misri. Mwenye Zaburi analia akimtazama Mungu mwenyewe. Ayubu alisema maneno makali ambayo mimi nisingethubutu kuyaweka kwenye ratiba ya ibada, na rafiki zake wakamtetea Mungu kwa mahubiri mazuri. Katika sura ya 42 Mungu anawakasirikia wale rafiki, na kusema kwamba aliyenena yaliyo sawa juu yake ni mtumishi wake Ayubu. Na Yesu mwenyewe, Gethsemane, hakukiri ushindi. Alisema, "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa." Msalabani akachukua mwanzo wa Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Ukilia hivyo, unalia kwa maneno yake. Amekwisha kuwa mahali hapo.

Hatua ya tatu: shika neno moja fupi

Kuna saa ambazo huwezi kusoma sura nzima. Daktari anaongea na masikio yanavuma. Uko kwenye daladala ukienda mochwari. Kwa saa kama hizo chagua mapema mstari mmoja na uushike huohuo kwa wiki nzima, usibadilishe kila siku.

Mimi huwapa watu kipande cha Zaburi ya 23. Isome kwa makini utaona kitu. Mwanzoni Daudi anaongea *juu ya* Mungu: ni mchungaji wangu, hunilaza, huniongoza, hunihuisha nafsi yangu. Akifika kwenye bonde la uvuli wa mauti, maneno yanageuka: "Sitaogopa mabaya, kwa maana Wewe upo pamoja nami." Kwenye majani mabichi alimsimulia, bondeni anamsemesha. Wengi wanaozoea kuisoma Zaburi hii msibani hawajawahi kuona mahali hapo inapogeuka, na mimi huona ni moyo wa Zaburi yote.

Vuta pumzi taratibu huku ukisema kimoyomoyo, "Wewe upo." Toa pumzi: "pamoja nami." Rudia unapopanda ngazi za hospitali, unapongoja majibu maabara, unapokosa usingizi. Wakristo wa Mashariki, tangu enzi za watawa wa jangwa la Misri na Sinai, wameomba kwa namna hii kwa sala fupi ya kumwomba Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, amhurumie mwenye dhambi. Mkatoliki ana rozari, na kuna wagonjwa niliowaona wakiishika tu mkononi bila nguvu ya kutaja sala, vidole vikiwaombea. Andika mstari wako kwenye kikaratasi, kifunge kwenye pindo la khanga au kiweke nyuma ya simu ndani ya kava.

Na pale ambapo hata maneno manne ni mengi, Paulo anasema katika Warumi 8:26 kwamba Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kuguna kwako kitandani kunahesabiwa.

Hatua ya nne: tafuta watu wawili au watatu

Rafiki za Ayubu tunawasema vibaya, na tuna haki, lakini walianza vizuri. Walipofika na kumwona, walilia, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku, na hakuna aliyemwambia neno, kwa sababu waliona mashaka yake ni makubwa mno. Wangerudi makwao siku ya nane, tungewakumbuka kama watakatifu.

Mara nyingi Mungu huja akiwa na miguu ya mtu. Hili halipunguzi uwepo wake. Yeye aliyechagua kufanyika mwili hajaona aibu kuendelea kutumia miili. Jirani aliyekuja na chupa ya chai saa kumi na mbili asubuhi bila kuitwa, muuguzi wa zamu aliyekuletea kiti, kijana wa bodaboda aliyekataa nauli alipojua unakwenda wapi: tafadhali usiwapite haraka ukitafuta muujiza mkubwa zaidi.

Kundi la simu lenye watu mia wanaoandika "Amina" lina faida yake, hasa kwenye michango. Lakini hiyo si jumuiya ya usiku wa leo. Chagua wawili au watatu ambao unaweza kuwapigia ukiwa unalia na usieleze kwa nini umepiga. Waambie waziwazi unachotaka, kwa sababu watu wengi wanataka kusaidia na hawajui wafanye nini. Unaweza kusema: "Dada, naomba uje ukae nami kesho jioni. Usiniombee kwa sauti. Kaa tu." Au: "Mzee, nisomee Zaburi moja kwa simu kila usiku saa tatu, hata nisipojibu."

Wakatoliki wa ukanda huu wana Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo maaskofu wa nchi zetu walizifanya kuwa kipaumbele miaka ya 1970, na nguvu yake ni hiyo: watu wa mtaa mmoja wanajua mlango wa nani haujafunguliwa leo. Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulijengwa pia juu ya vikundi vidogo ambamo ndugu walikutana kuambiana ukweli wa hali zao. Walutheri na Waanglikana wengi wa leo wamelelewa na babu zao wa Uamsho huo. Kama jumuiya yako imekuwa ya kusoma mahudhurio na kukusanya mchango tu, shida yako inaweza kuwa sababu ya kuirudisha kwenye kazi yake.

Watakuja pia wale wengine. "Mungu amempenda zaidi." "Chunguza, kuna dhambi mahali." "Ungekuwa na imani angepona." Huna wajibu wa kubishana nao, wala wa kuwaamini. Jibu kwa heshima, "Asante kwa kuja, naomba tukae kimya kidogo." Yesu alipofika kwa Mariamu na Martha, kila mmoja alimlaumu kwa maneno yaleyale: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Hakuwaambia wamekosea kulaumu. Akielekea kaburini alilia, naye alijua anakwenda kumfufua Lazaro dakika chache zijazo. Mgeni wako anayekukataza kulia anajua jambo gani ambalo Yesu hakulijua?

Hatua ya tano: ita wazee, pokea mkate, pakwa mafuta

Yakobo 5:14 inasema mgonjwa *awaite* wazee wa kanisa. Angalia neno hilo. Watu wengi hukaa wakiwa na uchungu kwamba mchungaji hajaja, na mchungaji hana habari. Piga simu, au mtume mzee wa kanisa, katekista au mwinjilisti. Hospitali nyingi kubwa zina padre au mchungaji anayezihudumia. Muulize muuguzi wa zamu.

Omba maombi, omba kupakwa mafuta kwa desturi ya kanisa lako, omba Meza ya Bwana iletwe kitandani au nyumbani. Faida yake wakati wa giza ni kwamba haitegemei ulivyoamka. Mkate unawekwa mkononi mwako, unaumeza, na Kristo ametoa nafsi yake kwako ukiwa na machozi au ukiwa mkavu kabisa. Wakati nafsi haiwezi kupanda, yeye ameshuka hadi kwenye ulimi.

Hayo yote hayauzwi. Ukidaiwa fedha ili uombewe, ukiuziwa maji, chumvi au mafuta "maalumu," ukiambiwa utoe mbegu kubwa ndipo Mungu akusikie, ondoka. Petro alimjibu Simoni mchawi katika Matendo 8:20: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Na yeyote atakayekuambia uache dawa za presha, kisukari au virusi vya UKIMWI ili kuonyesha imani, usimsikilize hata kama ana kanisa kubwa. Omba, na umeze dawa.

Hatua ya sita: kila jioni, tazama ulikotoka

Uwepo wa Mungu mara nyingi hutambulika ukiwa umekwisha kupita. Yakobo alilala Betheli akiwa mkimbizi, jiwe likiwa mto wake, na alipoamka ndipo aliposema, "Kweli BWANA yupo mahali hapa, wala mimi sikujua." Wale wawili wa njia ya Emau walitembea na Yesu mchana, wakimweleza huzuni yao kwa sentensi iliyojaa kukata tamaa: "Nasi tulikuwa tukitumaini." Hawakumtambua barabarani. Walimtambua mezani alipoumega mkate, na hapo hapo akatoweka. Kisha wakaanza kukumbuka: "Je! mioyo yetu haikuwaka ndani yetu hapo alipokuwa akisema nasi njiani?" Iliwaka kweli, lakini wakati inawaka hawakujua ni nini.

Ignatius wa Loyola, askari Mhispania aliyezaliwa mwaka 1491, alivunjwa mguu na mzinga wa adui huko Pamplona mwaka 1521. Akiwa amelala miezi akijiuguza, alianza kuchunguza yanayopita moyoni mwake: mawazo mengine yalimfurahisha kwa muda kisha yakamwacha mkavu, mengine yalimwacha na amani iliyodumu. Baadaye, akiwa mwanzilishi wa Wajesuiti, shirika la watawa Wakatoliki, aliwafundisha watu kuipitia siku yao mbele za Mungu. Ichukue kwa njia rahisi. Kabla ya kulala, jiulize mambo haya na uandike mstari mmoja kwa kila moja: Leo ni saa ngapi nilipumua vizuri kidogo, na nani alikuwapo? Ni saa ngapi nilikaribia kuanguka, na nini kilinishika? Kuna nini cha kumwomba kwa ajili ya kesho?

Usilazimishe majibu ya kiroho. "Mgonjwa alikula vijiko vitatu vya uji, tukacheka" ni jibu kamili. Weka tarehe. Baada ya wiki kadhaa rudi usome kurasa zote kwa mfululizo. Hapo ndipo wengi huniita na kusema, "Kumbe."

Ignatius alitoa shauri jingine ambalo ningependa libandikwe mlangoni: wakati wa ukavu na giza, usibadilishe maamuzi uliyoyafanya ulipokuwa na amani. Usiuze kiwanja wiki ya msiba. Usitoke kanisani kwako wala usiivunje ndoa kwa uamuzi wa usiku mmoja. Kama kuna hatari kwako au kwa watoto, hilo ni jambo jingine: ondoka mahali hapo, utafute msaada. Mengine yangoje.

Kama giza haliondoki

Kuna giza ambalo ni ugonjwa. Ikiwa kwa zaidi ya wiki mbili hulali au unalala mchana kutwa, huli, hakuna kinachokufurahisha, unajiona huna thamani, nenda hospitali umweleze daktari hivyohivyo. Ugonjwa huo, sonona, unatibika, na kuutibu hakukupunguzii wokovu kama vile kutibu malaria hakuupunguzi. Na kama mawazo ya kujiua yamekujia, mwambie mtu usiku huu, kabla ya kumaliza kusoma hapa, na usikae peke yako. Eliya aliomba kufa, na Mungu alimtumia mtu wa kwenda naye: mwishoni mwa sura ileile anapewa Elisha.

Kuna pia giza lisilo ugonjwa, ambalo hukaa. Barua za Mama Teresa wa Kolkata, zilizochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba kwa miongo kadhaa alikuwa karibu hauhisi kabisa uwepo wa Mungu. Wakati huohuo aliendelea kuamka alfajiri, kuomba, na kuwaosha waliokuwa wakifa barabarani. Wengine waliposikia walishtuka. Mimi zilinipa nguvu, kwa sababu nilijua naweza kuwaambia wale wa benchi la hospitali kwamba wana wenzao.

Kwa giza hilo ipo Zaburi ya 88. Ni Zaburi ambayo haifiki kwenye shukrani wala tumaini mwishoni. Inaanza kwa kumwita "BWANA, Mungu wa wokovu wangu," inalia mpaka mwisho, na maneno yake ya mwisho yako gizani. Iombe kama ilivyo. Usiiongezee aya ya furaha ambayo Roho Mtakatifu hakuiweka.

Na kama hata hiyo huiwezi, kumbuka yule mwenye kupooza wa Kapernaumu katika Marko 2. Hatuambiwi kama yeye alikuwa na imani. Alibebwa na watu wanne, wakatoboa dari, wakamshusha na godoro lake, na Yesu "alipoiona imani yao" akasema naye. Chukua simu. Watafute wanne wako, uwaandikie: "Kwa sasa mimi siwezi kuomba. Naomba mniombee kila siku hadi nitakapowaambia naweza." Wape jina la mgonjwa wako na siku ya vipimo. Halafu weka simu chini, ule, ulale.